Mume wangu anasema ni gesi, ECG imetoka safi, ila mi usiku silali

SWALI

Shikamoo mama. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imebidi. Niko Mbagala, nina miaka 44 na watoto watatu, mume wangu ana 49 anaendesha lori la mizigo Dar kwenda Tunduma, kazi hiyo anaifanya tangu kabla hatujajuana.

Shida ilianza mwezi wa pili kaka yake alipofariki. Hakuugua mama, alikula usiku vizuri akasema anajisikia kuchoka akaenda kulala, asubuhi shemeji anamwamsha mwenzie kashapoa. Alikuwa na miaka 51. Hospitali wakasema moyo. Tangu hapo mume wangu ana woga ingawa hasemi, nimemjua tu kwa vile alianza kuuliza uliza watu habari za vipimo vya moyo.

Sasa mtaani kwetu wakaja watu wakaweka hema, wanapima mwili mzima kwa elfu kumi. Unashika chuma kama kalamu nene, kina waya umeingia kwenye laptopu, unasubiri kidogo tu karatasi zinatoka. Alivyopimwa zikatoka karatasi 38, nimezihesabu, moja imeandikwa mishipa ya moyo imeziba asilimia 62, ini limechoka, figo nazo, mifupa nayo. Wakamuuzia dozi ya laki mbili na themanini, unga wa kukoroga na maji na vidonge vya kijani, wakamwambia hivi vidonge vya presha unavyomeza ndo vinakumaliza figo, achana navyo. Akaviacha, hii ni wiki ya nne.

Alipomaliza dozi akaenda kupima ECG, ule mchoro wa umeme wa moyo, hospitali moja ya binafsi, ikatoka safi, daktari akamwambia mchoro wako uko vizuri. Basi mama, mume wangu akajumlisha mwenyewe, mwanzo ilikuwa imeziba sa hizi iko safi kwa hiyo dawa imefanya kazi, hata kwa madereva wenzake kashaitangaza. Nikimwambia twende Muhimbili anasema kule watampitishia waya pajani mpaka kwenye moyo, kuna jirani yetu alipitishiwa, hataki hata kusikia.

Swali langu ni hili, kuna kipimo gani cha moyo cha uhakika ambacho mtu hapasuliwi wala hapitishiwi waya? Na ECG ikiwa safi si ndo basi, moyo ni mzima?

Halafu kuna kitu kingine sijui kama kina maana. Utingo wake kaniambia siku hizi akiwa anafunga turubai juu ya mzigo, zile kamba zinavutwa kwa nguvu, anasimama katikati anajishika kifua hivi kwa ngumi, anakaa kwenye tairi dakika tatu nne, anacheua, anaendelea. Mwenyewe anasema gesi, anakunywa soda. Na mambo ya chumbani, samahani mama, yamepungua sana tangu mwaka juzi, anasema uchovu wa safari, ila nimeona kwenye begi lake vidonge vya kuongeza nguvu. Sigara anavuta si nyingi, kama nane kwa siku. Mimi sina tatizo, presha ilinipata tu kwenye mimba ya mwanangu wa pili nikajifungua kwa dharura mimba ina miezi nane, ikaisha.

Anaondoka tena Alhamisi.

Mke wa dereva, Mbagala


JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ntaanzia kule mwisho uliposema hujui kama kina maana, kwa sababu hicho ndo kilichonifanya nikujibu leo leo badala ya kusubiri zamu yako.

Kifua kinachobana mtu akivuta kamba, kikaachia akikaa dakika tatu nne, na kinarudi kila akifanya kazi nzito, hicho usikiite gesi mpaka daktari aliyempima vizuri akwambie ni gesi. Moyo ni msuli kama huu wa mkono, na una mishipa yake midogo inayouletea damu. Ukiwa umekaa, damu kidogo inautosha hata kama njia imekuwa nyembamba kwa mafuta yaliyoganda ukutani. Ukianza kuvuta kamba unadai damu zaidi, njia hairuhusu, ndo msuli unalia. Ukikaa, dai linapungua, maumivu yanaondoka. Kwa hiyo zile dakika tatu za kukaa kwenye tairi ndo zinamtuliza, soda inapewa sifa isiyo yake, na kucheua mtu yeyote akinywa soda atacheua.

Halafu umesema ngumi. Mi nimekaa kliniki ya presha na sukari miaka mingi sana nikiwa nesi, na mgonjwa anayekuja anaonyesha maumivu kwa ncha ya kidole, "hapa tu nesi", mara nyingi inakuwa misuli au mbavu, ila yule anayekunja ngumi anaibandika katikati ya kifua, huyo tulikuwa tunamtoa kwenye foleni tunampeleka mbele. Hiyo ngumi ina jina kabisa kwa madaktari, inaitwa ishara ya Levine, kwa jina la Samuel Levine, daktari wa moyo wa Marekani. Siyo kwamba kila mwenye ngumi ana moyo mbovu, na wapo wenye moyo mbovu ambao hata kifua hakiwaumi hasa wenye sukari, lakini ukiijumlisha na sigara, presha, na kaka aliyekufa ghafla na miaka 51, mi siwezi kukwambia tulia. Ndugu wa kiume wa damu akipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, hiyo tunaihesabu kama hatari ya ukoo.

Na la chumbani usiombe samahani, umefanya vizuri kulisema, tena wanawake wengi wanalificha. Mishipa ya kule ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo ikianza kuchakaa na kujaa mafuta kule ndo hushtuka kwanza, mara nyingi miaka miwili mitatu kabla kifua hakijaanza kubana. We umesema tangu mwaka juzi. Uchovu wa safari unaweza kuwepo, ndiyo, lakini daktari lazima aambiwe hili, na aambiwe na vile vidonge vya kwenye begi. Hapa naomba unisikilize vizuri, mtu wa kifua cha namna hiyo anaweza kupewa dawa ya nitro ya kuweka chini ya ulimi, na hiyo ikikutana mwilini na vidonge vya nguvu presha inaweza kuanguka mpaka mtu akapoteza fahamu, wengine ndo hawaamki. Kwa hiyo asifiche hata kama anaona aibu, aseme jina la kidonge na siku aliyokimeza mara ya mwisho.

Sasa swali lako la ECG. Hapana mwanangu, ECG safi siyo basi. Ni kipimo cha heshima, Mholanzi Willem Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa sababu yake, na mpaka leo mtu akija na kifua kinauma ndo cha kwanza anawekewa, kinaonyesha mapigo yasiyo na mpangilio, kinaonyesha msuli ulioumia zamani au unaoumia dakika hiyo. Lakini kinasoma umeme, mishipa yenyewe hakiioni. Na walimpima amelala kitandani, ametulia, kifua hakimbani. Muulize yeye mwenyewe maana hili analijua kuliko mimi: lori likiwa limesimama yadi injini inaunguruma taratibu, fundi anaweza kukwambia litapandaje Kitonga na tani 30 mgongoni? Injini inalalamika ikiwa kwenye mlima. Moyo wake ulipimwa ukiwa yadi, na unalalamika akiwa Kitonga, juu ya turubai. Yule daktari hakudanganya, mchoro ulikuwa vizuri kweli, ila sidhani kama mumeo alimtajia habari za kamba. Najua hakumtajia.

Kuhusu hema. Inaniuma sana hii, manake nawaona na huku kwetu wamejaa. Hakuna chuma cha kushika kiganjani kinachoweza kujua mshipa wa moyo umeziba kwa asilimia ngapi. Hata hospitali kubwa ikitaka kukupa namba ya namna hiyo lazima ipige picha ya mishipa yenyewe ikiwa na dawa inayoonekana kwenye picha. Kumbuka kabla ya kushika chuma walimuuliza umri, uzito na urefu wakaviandika kwenye laptopu? Kama unataka kumwonyesha, mwende wawili, wewe taja jina lingine na umri wa miaka 70, uone karatasi zitakavyokuja na magonjwa ya bibi. Kwa hiyo ile 62 haikuwepo, na kama haikuwepo basi ule unga haujazibua kitu. Hela imeshaenda, usimsimange, mtu aliyetoka kumzika kaka yake ananunua chochote anachoambiwa kitamwokoa. Kinachonitisha ni vidonge vya presha alivyoacha. Presha isiyotibiwa ndiyo yenyewe inayoharibu figo, walimgeuzia maneno.

Basi vipimo. Kimoja kinachotosha kila kitu hakipo, kila kimoja kinajibu swali lake, ndo maana mtu anaweza kuwa na karatasi tano safi na bado anaumwa. Na vingi kweli havipasui wala havipitishi waya, kwa hiyo mwambie kwa hilo atulie.

Kitaanza kile cha bei ndogo kuliko vyote ambacho watu wanakidharau, presha, na kinadharauliwa mpaka na wapimaji. Mtu amepanda ngazi, anaongea, mkojo umembana, mkono unaning'inia, mkanda umefungwa juu ya shati, unapata namba ambayo siyo yake. Inatakiwa akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono uwe mezani usawa wa moyo, na asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa iliyopita. Wapime mara mbili, wapishanishe dakika moja au mbili. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi na ikarudia siku nyingine, ni presha. Na aseme ukweli kwamba aliacha dawa na lini aliziacha, aende na boksi mkononi, daktari aamue aanze vipi tena.

Hapo watamtoa na damu kidogo, sukari, mafuta na kazi ya figo. Sindano hiyo haiepukiki, ila ni sindano tu.

Halafu watamfanyia eko, hiyo ni ultrasaundi kama ile uliyopigwa ukiwa na mimba, jeli baridi kifuani, analalia ubavu wa kushoto, chumba kina giza kidogo, anauona moyo wake unacheza kwenye skrini. Mwambie waliobuni, Inge Edler na Hellmuth Hertz wa Lund kule Sweden, mwaka 1953, walichukua teknolojia ya mashine za kukagulia nyufa kwenye vyuma, atapenda. Eko inaonyesha milango ya moyo, unene wa kuta, na nguvu ya kusukuma damu. Hapa watu wanashtukaga bure, akiambiwa moyo unasukuma asilimia 60 asidhani umebaki nusu, hakuna moyo unaomwaga damu yote, kuanzia kama 55 kwenda juu ni vizuri. Ila na eko ya kulala nayo inaweza kuwa safi wakati mishipa ni myembamba, sababu ni ile ile ya yadi na Kitonga.

Ndo tunakuja kwenye kipimo kinachompeleka mlimani. Anabandikwa nyaya za ECG kifuani na mkanda wa presha mkononi, anatembea kwenye ile mashine ya mazoezi, na kila baada ya dakika tatu inaongezwa kasi na kuinuliwa mbele awe kama anapanda. Wanachukua 220 wanatoa umri, ndo makadirio ya mapigo ya juu kabisa, kwa miaka 49 inabaki 171, wanataka mapigo yafike angalau asilimia 85 ya hapo, kama 145 hivi kwa dakika. Pembeni wamesimama wataalamu na dawa zao wanaangalia mchoro, kifua kikianza kubana au mistari ikibadilika wanasimamisha. Afadhali kimbane pale kuliko juu ya turubai yuko na utingo Makambako saa nane usiku. Asiyeweza kutembea anapewa dawa ya kuchochea moyo huku anapigwa eko. Na asiende kwenye hii mashine kwa kujiamulia mwenyewe, daktari amwone kwanza, kwa sababu kama kifua kimeanza kumbana hata amekaa hicho kipimo hafanyiwi, anatibiwa.

Cha mwisho ni siti skani ya mishipa ya moyo, na nadhani hiki ndo jibu la swali lako hasa. Hakuna waya unaoingia kwenye moyo, ni sindano ya mkononi wanapitishia dawa ya kung'arisha mishipa, anabana pumzi sekunde chache, picha imetoka, inaonyesha mshipa upi umejaa na wapi. Figo zinapimwa kabla kwa sababu ya ile dawa, na wakati mwingine anapewa kidonge cha kupunguza kasi ya moyo ili picha isitoke na ukungu. Kuna na siti skani nyepesi zaidi bila dawa, inahesabu chokaa iliyoganda kwenye mishipa inatoa alama, sifuri ni nzuri, ikivuka 400 ni nyingi sana, ila hiyo ni ya mtu asiye na dalili anayetaka kujua kama aanze dawa za mafuta. Mumeo ana dalili, akiipata sifuri asije akarudi nyumbani anashangilia, manake kuna mafuta laini ambayo bado hayajawa chokaa nayo yanaua.

Waya wenyewe nao usiuchukie mwanangu. Hivi vyote vinafanyika ili kujua nani hauhitaji na nani anauhitaji kweli, na siku hizi sehemu nyingi wanapitisha kwenye kifundo cha mkono siyo paja, mtu yuko macho anaongea. Jirani yenu alipitishiwa, na yuko hai anasimulia.

Mkaanzie wapi. Kama bima yake inadai rufaa anzeni hospitali ya Temeke, wao watawaandikia JKCI, ile Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale pale Muhimbili. Mapokezi asiseme nimekuja kucheki afya, atawekwa kwenye foleni ya wazima. Aseme hivi: kifua kinanibana nikifanya kazi nzito, nikipumzika kinaachia, navuta sigara, nina presha nimeacha dawa wiki nne, kaka yangu kafa ghafla na miaka 51. Muandikie kwenye karatasi kama anaona aibu kusema. Na mwende kesho, msisubiri Jumatatu, manake utingo kasema "siku hizi", yaani ni kitu kipya, na kifua kipya ndo cha kuogopa zaidi kuliko cha miaka kumi.

Na kabla hamjafika huko, kikimbana akapumzika dakika kumi kisiachie, au kikamjia amekaa tu, au akaanza kutoka jasho la baridi, maumivu yanapanda shingoni, kwenye taya au yanashuka mkono wa kushoto, hapo hamna kupima mtaani wala soda, ni gari ya haraka kwenda hospitali kubwa iliyo karibu, na gari aendeshe mtu mwingine. Kama hana aleji ya aspirini na hana vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, atafune ya miligramu 300 njiani.

Nimebakiza wewe. Umeandika "mimi sina tatizo" halafu mstari huo huo ukaniambia presha ya mimba mpaka ukazaa kabla ya wakati. Hiyo presha iliisha kwenye mimba, kwenye mishipa yako imeacha alama, mwanamke aliyepitia hilo uwezekano wake wa kupata presha ya kudumu na ugonjwa wa moyo baadaye ni mkubwa kuliko mwenzake, na wengi hawaambiwi wakitoka leba. We ndo mtu wa kupimwa hatari ukiwa huna dalili. Ujuzi huo wa kupima hatari ulitokana na mji mmoja mdogo Marekani unaitwa Framingham, mwaka 1948 walianza kuwafuatilia watu 5,209 miaka na miaka wakiangalia nani anaumwa moyo na alikuwa na nini kabla, na sasa Shirika la Afya Duniani lina chati za mwaka 2019 za kila ukanda, na wetu wa Afrika Mashariki upo, kwa watu wa miaka 40 mpaka 74. Wanachukua umri, jinsia, sigara, presha ya juu, sukari na kolestro, wanakusomea rangi, kijani mpaka nyekundu iliyokolea, uwezekano wa kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi. Pasipo na maabara wanatumia uzito na urefu badala ya kolestro na sukari, inafanyika hata zahanati. Ila chati haiulizi habari za mimba, kwa hiyo itaje mwenyewe, na siku unampeleka mumeo na wewe nyoosha mkono upimwe presha, mkae kiti kimoja baada ya mwingine, pengine hata yeye itamwondolea aibu.

Alhamisi asiondoke kama hajaonwa, tajiri atafute dereva mwingine wa safari moja, lori la tani 30 na kifua hicho ni hatari kwake na kwa walio barabarani. Najua wanaume wetu, anaweza kukataa. Akikupita akaenda, mpigie utingo kabla hawajatoka yadi, umwambie hizo kamba avute yeye, na bosi wake akishika kifua asimpe soda, ampeleke hospitali.